Ukimpigia Rahaf

Ukimpigia simu Rahaf, husikii ule mlio wa kriii, kriii unaousikia kwa watu wengine. Unasikia kinanda kinaanza polepole, kama mtu anayepanda ngazi asitake kuwaamsha waliolala, halafu mwanamme wa Kijapani anaanza kukulilia sikioni. Halii kwa machozi, analia kwa kuimba. Neno hata moja hulifahamu, na kila ukidhani kamaliza, anavuta pumzi, anaanza upya. Ni huduma ya kampuni ya simu hiyo: mwenye simu anachagua wimbo, anayepiga ndiye anayeteswa nao.

Sleyum, baba yake Rahaf, alikuwa akiuchukia wimbo ule, na sababu alikuwa nazo.

Mkewe Khamisa ndiye aliyeuleta nyumbani. Zamani, walipokuwa wakikaa Aija, upande wa pili wa khori ya Sur, Oman, Khamisa alikuwa akipika katika nyumba za wahandisi wa Kijapani waliokuja na mambo ya gesi. Bibi mmoja wa Kijapani alikuwa na kanda za mwimbaji huyo, mtu anayetunga mwenyewe, anapiga kinanda mwenyewe, anaimba mwenyewe, nyimbo za mapenzi na za kuagana, na siku ya kurudi kwao alimwachia Khamisa kanda moja. Katika kanda nzima Khamisa akaushika wimbo mmoja kwa sikio. Akauimba akipepeta mchele, akauimba akimlaza Rahaf, maneno kayavunjavunja yote, Kijapani cha Aija. Miaka ishirini Sleyum anamsikia mwanamme mwengine anaimbwa jikoni mwake. Akiuliza huo wimbo unasema nini, Khamisa anacheka.

"Sijui. Lakini yule anayeimba anajua."

Khamisa alifariki miaka mitatu nyuma, wodini, akingojea karatasi ya kupelekwa hospitali kubwa Maskati. Karatasi ilikuwa tayari. Ilikosa sahihi tu. Mwenye sahihi alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi ya mwenye sahihi alikuwa mkutanoni, na aliyebaki alisema yeye hana idhini. Siku ya tisa sahihi ikaja, na Khamisa alikuwa keshazikwa siku mbili. Tangu hapo Sleyum hakumwamini tena mtu yeyote aliyekaa nyuma ya meza. Skuli yeye aliiona mpaka darasa la nne tu, huko Unguja, na maisha yake yote ya Oman aliyamaliza kwenye lori la kubebea maji ya kunywa. Lakini alijua kwamba lori likikwama, dereva hashuki akaenda likizo.

Arubaini ilipopita, Rahaf akauweka wimbo wa mama yake kwenye simu. Baba akamwambia autoe. Rahaf, mtoto asiyepinga jambo, akasema, "Nitaitoa, baba," na hakuutoa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mara moja alijaribu kumweleza maana yake, kwa sababu yeye Kijapani kidogo alijifunza kwa kufuata nyimbo za mtu huyo huyo. Alisema ni habari za mtu aliyekula kitu kitamu, akageuka amwambie mwenzake, akakuta kiti kitupu.

"Sasa hilo nalo la kuimbia?" alisema Sleyum, akatoka kwenda kutengeneza uzio wa mbuzi ambao haukuwa na kasoro.

Basi akimpigia binti yake, huiweka simu mbali na sikio, nusu ya mkono, mpaka asikie sauti ya Rahaf. Hivyo ndivyo walivyoishi na yule Mjapani.

Rahaf anafanya kazi Nizwa, katika duka la dawa, na kila Alkhamisi huja Ibra kulala kwa baba yake. Safari ya saa mbili. Njia ni nzuri mpaka uipite Mudhaybi, halafu pana pahala inateremka ndani ya wadi, mto mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha milimani, na kupanda upande wa pili. Daraja hapana. Kwa miaka minane pametiwa ubao mkubwa wa chuma wenye picha ya daraja, jeupe, na gari zinapita juu, na miti ya kijani chini yake wameichora. Kila wakubwa wa barabara wanapobadilika, ubao unapigwa rangi upya. Sleyum alizoea kusema daraja limekwisha zamani, ndilo lile pale ubaoni, asiyeliona ni macho yake mabovu.

Alkhamisi hiyo, mwezi wa nne, mvua ilianza milimani tangu asubuhi. Ibra kwenyewe kulikuwa na manyunyu tu. Ilipofika saa saba na nusu mchana Sleyum akapiga. Kinanda, ngazi, Mjapani. Wimbo ukaisha bila ya jibu. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, na simu ikapokewa, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mvumo, kama lori kumi zimewashwa pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Sleyum, kwa sababu ndivyo ulimi ulivyozoea. "Uko wapi?"

Rahaf alikuwa juu ya bati la gari lake. Aliikuta wadi ina maji ya kifundo cha mguu, gari tatu mbele yake zikapita, yeye wa nne, na alipofika katikati maji yakaja ya pili, yale yanayokuja kama ukuta. Gari likabebwa. Likazungushwa, likabebwa tena, likakwama, hajui wapi, mitende inafanana yote. Alitoka kwa dirishani. Aliwapigia watu wa uokozi, wakamwambia asiondoke, simu yake aiwache wazi, watampigia wao wakishakuwa tayari ili awaelekeze alipo. Intaneti imekufa, ya kupeleka ramani haipo, simu ndiyo inashika. Chaji imebaki ishirini na mbili.

"Baba, maji imefika kwenye mlango," alisema, kisha simu ikakatika.

Sleyum hakuwahi kuogopa namna ile. Wodini aliogopa siku saba, lakini ile ilikuwa hofu ya kukaa kwenye kiti. Hii ilimshuka miguuni, akawa hajui viatu vyake viko wapi na huku amevivaa. Alipiga tena papo hapo, bila ya kufikiri. Kinanda. Mjapani. Na akili yake ikashika jambo moja ambalo kwa saa zote zilizofuata haikuliwacha: wimbo ukilia, simu iko juu ya maji. Simu ikizama, Mjapani hatolia. Atatokea yule mwanamke wa kampuni, asemaye kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza, kwamba nambari uliyoipiga imefungwa. Kwa mara ya kwanza katika umri wake aliikandamiza simu sikioni mpaka sikio likauma, akausikiliza wimbo wote.

Jirani yake Humoud, mzee wa Kiunguja mwenzake ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila ya mzaha, alikuwa barazani. Aliposikia habari aliinuka, akaingia kwenye pikapu bila ya kuvaa kofia wala kusema neno, na kumwona Humoud kimya kulimzidishia Sleyum hofu.

Kabla ya kutoka mtaani Sleyum alifanya jambo moja, na hapo ndipo alipokosea. Alimpigia dada yake Fawziya, Aija.

Asiyetoka kwenye ukoo kama ule hataona kosa liko wapi. Kwao mtu akifikwa na jambo, hupelekewi ujumbe wa maandishi. Ujumbe ni wa watu wasiojuana. Unapigiwa. Kila mtu akupigie mwenyewe, usikie sauti yake, akuulize, akuombee, na asiyepiga anawekwa kifuani na atakumbushwa harusini miaka kumi baadaye: siku ile ya mafuriko wewe mbona hatukukusikia? Na Fawziya ndiye mama wa ukoo. Habari ikimfikia Fawziya, imefika Sur, imefika Bidiya, imefika Maskati, imefika Unguja na Pemba na kwa wale waliokwenda kujibanza Uingereza.

Mwendo mzima Sleyum anapiga kwa mkono mmoja, usukani kwa mwengine, na Humoud anamshikia usukani pale panapopinda. Mara wimbo unalia, mara simu inatumika. Inatumika. Inatumika tena. Akafurahi, akasema hao ni watu wa uokozi, wanazungumza naye. Akapiga tena ahakikishe. Inatumika. Kisha wimbo, na Rahaf akapokea, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita.

"Baba, wote wananipigia. Shangazi mara nne. Wadhah kutoka Maskati. Mtu wa Pemba mimi simjui, anasema alinibeba nikiwa mdogo. Anaomba dua ndefu, siwezi kumkatia. Watu wa uokozi watapiga kwa nambari gani sijui, baba, kila nambari ngeni lazima nipokee. Chaji iko tisa."

"Nani mwengine kakupigia?"

"Wewe," alisema Rahaf. "Wewe mara kumi na saba."

Sleyum akaikata simu mwenyewe, kama aliyeunguzwa. Akaegesha pikapu pembeni. Kumi na saba. Alikuwa anamla mtoto wake mwenyewe, anamla chaji yake kidogo kidogo, kwa sababu ya kutaka kumsikia Mjapani.

Akampigia Fawziya, akamweleza polepole: wasipige. Yeyote asipige. Fawziya akasema yeye atawacha, wallahi atawacha, lakini watu atawaambiaje? Mtoto yuko majini, halafu umwambie mtu usimjulie hali, si atadhani kuna ugomvi? Watasema tumewatenga. Na watu wa Bidiya je, ambao hata mwaka jana walilalamika? Tena yeye mwenyewe alikuwa anataka kumpigia mara moja tu ya mwisho, amsomee Ayatul Kursi.

Hapo Sleyum alifahamu kwamba hapana neno la kweli litakalowazuia watu hawa. Watu wa ukoo wake huacha kukupigia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba shida imekwisha.

Alimtazama Humoud. Humoud akatazama mbele.

"Fawziya," alisema Sleyum, "sikiliza. Katoka. Sasa hivi nimeambiwa. Katoka, alhamdulillah, yuko salama. Simu yake imeharibika, msimpigie tena, mtasikia tu inalia bure. Waambie wote."

Kisha akaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kwa kuwa kuandika hana kasi nako, akasema kwa sauti maneno yale yale. Sauti yake haikutetemeka. Alijishangaa.

Humoud akasema taratibu, "Ndugu yangu, umemshukuru Mungu kwa kitu hujakipata."

"Najua."

"Si vizuri."

"Najua, Humoud. Washa redio au nyamaza."

Walipofika wadini, mvumo uliwapokea kabla ya maji. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na mitungi ya gesi, milango, mbuzi. Watu walijipanga ukingoni, wengine wanapiga picha. Sleyum akautafuta ubao, kwa sababu miaka minane jicho lake likifika pale huutafuta ili autukane. Ubao haukuwepo. Nguzo mbili zilikuwa zimekatika kama miwa.

Afisa wa uokozi alikuwa kijana anaitwa Yaqoob, matope mpaka magotini, na Sleyum alimwendea na hasira zake zote tayari mdomoni, hasira za sahihi, za likizo, za daraja la rangi. Lakini huyu hakuwa amekaa nyuma ya meza. Alikuwa amesimama majini. Akaeleza kwamba helikopta ipo, imetua upande ule, upepo ukipungua itaruka, pengine nusu saa, pengine zaidi. Wadi hapa inagawika mikono mitatu na mashamba ya mitende ni maili kadhaa. Rubani lazima ajue mkono gani. Akamwomba nambari ya binti, ambayo wenzake wa ofisini walikuwa hawajampa, ampigie sasa hivi amtulize.

"Hapana," alisema Sleyum.

Yaqoob akadhani hakusikia kwa mvumo, akarudia.

"Nimekusikia, mwanangu. Simu yake ina chaji ya mara moja. Pengine hata hiyo haina. Wewe utapiga helikopta ikishawashwa, mapanga yanazunguka. Si kabla. Ukipiga kabla kwa kumtuliza, umemuua."

Maishani mwake hakuwahi kumwamrisha mtu mwenye nyota begani. Yaqoob alimtazama, akaitia nambari kwenye simu yake bila ya kubonyeza, akaiweka kwenye mfuko wa juu, mfuko ulio kavu.

Sasa ikabaki kungoja, na kungoja kule ndiko kulikomla Sleyum zaidi ya yote. Kwa sababu simu yake mkononi ilikuwa imeanza kusherehekea. Alhamdulillah. Alhamdulillah, kaka. Mashallah, Mola mkubwa. Sauti za kinamama wa Aija wanapiga vigelegele. Wadhah anasema keshatoka Maskati, analeta kondoo wa sadaka. Mtu wa Pemba anasoma dua nyengine, ya shukurani, ndefu kama ile ya mwanzo. Kila pongezi inamtetemekea mkononi, na kila moja ilikuwa kama mtu anapigilia msumari. Alitaka kuizima asiweze. Na ikiwa Rahaf atampigia yeye?

Kidole gumba chake kilikuwa kinakwenda chenyewe kwenye jina lake. Mara mbili Humoud aliushika mkono. Kupiga ni kujua. Angepiga, sekunde mbili tu, asikie kinanda basi, ngazi mbili za mwanzo, halafu akate. Sekunde mbili zinakula nini? Lakini alishamla mara kumi na saba. Akampa Humoud simu, akaiona inatetemeka kwenye mfuko wa Humoud, akaichukua tena.

Fawziya akapiga. Huyu asipopokelewa atampigia Rahaf, kwa hivyo alimpokea.

Fawziya alikuwa anacheka na kulia pamoja. Amekwisha weka sufuria ya halua motoni, majirani wamejaa. "Nipe nimsikie," alisema. "Neno moja. Nisikie sauti yake tu nitulie."

"Siwezi sasa hivi."

"Kwa nini? Kafanya nini?"

"Amelala," alisema Sleyum.

Amelala. Ndivyo alivyoambiwa wodini, asubuhi ile, na muuguzi ambaye hakuwa na moyo wa kumwambia kweli. Fawziya akasema mwache alale, maskini, kachoka mtoto, na akakata, na Sleyum akachutama pale pale kwenye kokoto, akafunika uso kwa shali lake. Alijiona kama mtu aliyetia sahihi karatasi ya kifo. Miaka mitatu aliwatukana wenye sahihi, na sasa hivi kwa mdomo wake kamtilia mtoto wake.

Akawa ananong'ona kitu. Humoud aliyekuwa karibu alidhani anasoma dua, akainama asikie aitikie amina. Haikuwa dua. Ilikuwa Kijapani cha Aija, maneno ya Khamisa yaliyovunjika, polepole, bila ya sauti ya kuimba, kama mtu anayehesabu ngazi. Hakukosea hata moja. Humoud, ambaye kwa jambo dogo kuliko hilo angemtania miaka kumi, aligeuza uso akatazama milima.

Alasiri ilikuwa imeingia, watu wamekwisha sali makundi makundi, pale helikopta iliponguruma ng'ambo. Yaqoob akaja mbio, simu mkononi, redio kwapani. Akabonyeza, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Hakuna kitu. Sekunde moja, mbili. Sleyum alimsikia yule mwanamke wa kampuni kabla hajasema. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeshaanza kutamka kwa Kiarabu, nambari uliyoipiga.

Kinanda.

Kikapanda ngazi, hapo katikati ya mvumo wa wadi, na Mjapani akaanza. Watu waliokuwa wakipiga picha waliteremsha mikono. Bedui mmoja mzee mwenye fimbo akauliza nini hicho, mwenzake akamwambia nyamaza. Wimbo ukafika pale ambapo mtu hudhani umekwisha. Mjapani akavuta pumzi.

"Alo?" alisema Rahaf. "Shikamoo."

Kila nambari ngeni alikuwa akiiamkia. Yaqoob akamuuliza kwa Kiarabu, kwa haraka, anaona nini. Mitende, alisema. Maji. Ukuta wa shamba umebomoka. Mitende tu, na gari limeegemea kitu cha chuma, kikubwa, kina picha.

"Picha ya nini?" alisema Sleyum kwa Kiswahili, akaunyakua mkono wa Yaqoob.

"Ya daraja, baba."

Simu ikafa.

Yaqoob akawa anatazama juu, njiani, akiutafuta ubao pale ulipokuwa siku zote. Sleyum akamgeuza kwa bega, akamwonyesha nguzo zilizokatika. Ubao ulichukuliwa mwanzo, kabla ya gari. Chuma kizito namna ile hakiwezi kupinda kwenye mkono mwembamba wala ule wa kati. Miaka thelathini alipita wadi hizi na lori la maji, alijua kila moja inapotapika.

"Mkono wa kushoto," alisema. "Ule mpana. Mwambie afuate ule mpana mpaka kwenye ile miti mikubwa ya mighafu, palipo na kifusi cha falaj, mfereji wa zamani wa mashamba. Hapo ndipo vitu vizito hukwama."

Yaqoob akamtazama mara moja tu, kisha akayasema maneno hayo kwenye redio neno kwa neno, bila ya kusema kwanza atamuuliza mkubwa wake.

Walimtoa kabla ya magharibi. Ubao ulikuwa umekwama baina ya mighafu miwili, gari likakwama kwenye ubao, na maji yalikuwa yamefika kwenye vioo. Rahaf alipoteremshwa ng'ambo hii alikuwa bluu midomo, kiatu kimoja, simu kaishika kwa mikono miwili kifuani kama anayeshika ndege. Sleyum alimvika shali. Humoud ndiye aliyesema, akamwambia Rahaf kwamba baba yake kajifunza Kijapani leo, tena kwa dakika arubaini, wenzake Wajapani wanachukua miaka.

Ukoo haukuambiwa. Mpaka leo Fawziya husimulia kwamba mtoto alitoka saa tisa, na ukimwambia helikopta iliruka jioni anakasirika. Kondoo wa Wadhah alichinjwa, halua ikaliwa. Sleyum alikula kidogo na hakumtazama mtu.

Wakubwa walikuja, wakapigwa picha wameshika viuno, wakaahidi. Baada ya siku kumi nguzo mpya zikasimamishwa na ubao mpya ukatiwa. Safari hii mpaka taa wamezichora.

Alkhamisi ya pili baada ya hapo, wingu hata moja halikuwepo. Rahaf alikuwa na simu mpya, nambari ile ile. Saa saba na nusu Sleyum akakaa barazani, akapiga, akaiweka simu sikioni kabisa.

Kriii. Kriii.

Akatazama nambari. Ni yake. Akaisikiliza tena. Kriii, kriii, mlio mkavu, na chini ya ule mlio akaanza kusikia mvumo, mchana kweupe, jua linachoma, mbuzi wanatafuna. Alisimama. Hakujua anakwenda wapi. Funguo za pikapu zilikuwa mkononi mwake.

"Shikamoo, baba," alisema Rahaf, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Umesikia? Nimeitoa ile nyimbo. Nilisema nitaitoa, leo nimeitoa. Zawadi yako."

Sleyum hakujibu shikamoo.

"Baba?"

"Irudishe."

"Lakini si huipendi?"

"Siipendi," alisema Sleyum. "Irudishe. Na nikipiga usipokee mbio mbio. Iwache ifike pale anapovuta pumzi."

Rahaf akasema sawa, baba, ampe dakika tano.

Alimpa saba. Alizihesabu kwa saa ya ukutani, funguo bado zimo kiganjani. Halafu akapiga, na kinanda kikaanza kupanda, na yeye akasimama ukingoni mwa baraza akitazama milima upande wa Mudhaybi, ambako mbingu ilikuwa tupu, na hakuiamini. Mjapani akaimba. Mjapani akafika pale pake, akavuta pumzi, na Sleyum akaizuia yake mpaka Rahaf alipopokea.